Mahali pa Jina

Shemeji yangu ni fundi wa nyimbo. Nasema fundi kwa sababu neno msanii halipendi. Msanii, anasema, hukaa akisubiri mawazo yamjie. Yeye anasubiri mteja. Ukija na harusi, unatoka na wimbo wa harusi. Ukija na mtoto aliyemaliza shule, unatoka na wimbo wa mahafali. Ukifungua duka la viatu, atakuimbia viatu mpaka mwenyewe uone haya. Amemwoa dada yangu, nami nina saluni ya kusuka mtaa wa nyuma yao, kwa hiyo mambo yao nayajua, na mdomo wa kuyasema ninao.

Studio yake ni chumba cha nyuma cha nyumba yao. Magodoro yaliyochoka yamepigiliwa misumari ukutani kuzuia kelele za mtaani. Kinanda kina kitufe kimoja kilichokufa, naye ameshazoea kukiruka. Kipaza sauti kimevishwa soksi ya dada, ile iliyobaki baada ya mwenzake kupotea. Dirisha hakuna, na feni haiwashwi wakati wa kurekodi, kwa hiyo ukiimba ubeti mmoja tu unatoka umelowa chapachapa. Nayasema haya kwa uchungu wa mtu aliyeimba humo. Vibwagizo vya harusi nyingi za hapa kwetu ni sauti yangu, na malipo yangu yalikuwa soda, tena mara nyingine ya moto.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu wake. Wateja ni wengi na sherehe hazisubiri, hivyo hakuwa akitunga upya kila mara. Alikuwa na nyimbo zake tayari, na kila mmoja ameuachia mahali pa jina. Mstari unapanda, unapanda, halafu kule juu kabisa, kwenye noti ndefu kuliko zote, ndipo jina linapokaa. Leo anakaa bibi harusi wa huku, kesho mhitimu wa kule. Kabla mteja hajaja, pale kwenye pengo yeye huimba "nanihii". Kuna mwaka alimpa mtu rekodi ambayo haijamalizwa, na ukumbi mzima ukacheza usiku kucha ukimpongeza bibi harusi aitwaye Nanihii. Kesho yake bwana harusi alikuja amefura. Shemeji akamuuliza kama watu walicheza au hawakucheza. Yule bwana akakiri kwamba walicheza. "Basi Nanihii hajakuangusha," shemeji akamwambia, na akamrekebishia bure.

Mteja yeyote alipouliza kama maneno yanaweza kubadilishwa, jibu lilikuwa moja, linatoka lenyewe kabla swali halijaisha: "Bila wasiwasi. Zangu zote zinabadilika." Alilisema kwa fahari, kama fundi cherehani anayekuonyesha upindo mrefu aliokuachia ili mtoto akikua ushushe. Nimemsikia akilisema mara nyingi mpaka nilikuwa namwigiza mbele ya wateja wangu, na wanacheka.

Wimbo mmoja tu ndio haukuagizwa na mtu.

Mtoto wao alikuwa mmoja, wa kike, na jina lake la nyumbani lilikuwa Chiriku, kwa sababu ya maneno. Alianza kuongea mapema akasahau kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea nikimsuka, ananigeuzia kichwa kila nikishika fungu la nywele ili aniulize kitu usoni. Kwa nini nina kucha ndefu. Kwa nini mteja yule anakunja uso. Kwa nini mimi sina mume. Saluni imejaa watu, nami sina pa kuweka uso wangu. Na kulala ndiyo ilikuwa vita. Mama yake anazima taa, yeye bado yumo katikati ya habari za mbwa wa jirani, na mbwa mwenyewe hajafika hata getini.

Basi baba yake akamtungia:

Fumba macho, funga mdomo,
ya leo yametosha, Chiriku.
Mengine weka chini ya mto,
tutayasikia kesho, Chiriku.

Aliujenga namna ileile, maana mikono yake haikuwa na namna nyingine: mstari unapanda, jina juu kabisa. Dada aliimba, mimi nikaitikia, na mtoto alikaa sakafuni amejifunga mdomo kwa viganja vyote viwili, kwa sababu alikuwa ameahidi. Tulipomaliza, kabla shemeji hajazima mitambo, ikasikika sauti kutoka chini: "Lakini mimi bado sijamaliza!" Tukacheka wote watatu, na kicheko chetu kikaingia kwenye rekodi. Shemeji hakukifuta.

Mtoto alifariki akiwa darasa la pili. Ilianza homa, tukadhani ni homa ya kawaida, kisha tukawa hospitali, kisha madaktari wakawa wanaongea wao kwa wao kwa sauti ya chini. Walifanya walichoweza. Sina maneno mazuri ya kuliweka hili. Ninachokumbuka ni kwamba siku zile za mwisho hakuwa na la kusema, na ukimya huo ndio uliotutisha kabla ya daktari yeyote kutuambia kitu.

Sasa watu wana huruma, na mimi huruma ya watu wakati mwingine inanikera. Kabla ya msiba dada yangu alikuwa Mama Chiriku, na mumewe Baba Chiriku, kuanzia kwa muuza mkaa wa kona mpaka kwa walimu wa shule. Baada ya msiba wakaogopa kumtonesha. Akawa "mama". Akawa "jirani". Akawa "yule mama wa pale kwa fundi". Hakuna aliyekaa akapanga jambo hilo, lakini lilifanyika, na mtaa mzima ukawa hauna mtu anayelitaja jina la mtoto yule. Nilimwambia muuza mkaa mwite kama zamani, yeye hajasahau mwanawe kiasi kwamba ninyi mtamkumbusha. Akaitikia kwa kichwa, na alipomwona dada akipita akasema, "Habari za leo, jirani."

Na ndani ya nyumba mambo yalikuwa yaleyale. Dada mwenyewe jina lilikuwa likimfika kooni na kukwama. Alikuwa akisema "mtoto", au "yeye", au anatazama pembeni. Isipokuwa alipoimba. Alipokuwa akifua, au akianua nguo kwenye kamba, aliuimba ule wimbo polepole, na kule juu kabisa jina lilitoka zima, bila kukwama. Pale tu. Mara nyingi nilifika nikamkuta hivyo, nikasimama nje ya mlango nimeshika viatu mkononi, nikangoja amalize ndipo nipige hodi.

Habari za leseni za nyimbo zililetwa na mtangazaji mmoja wa redio aliyekuja kuagiza wimbo wa harusi ya mdogo wake. Alipousikia akamuuliza shemeji kama nyimbo zake amezisajili. Shemeji alikuwa hajasajili hata kikohozi. Yule mtangazaji akamshangaa, akamwambia kuna nyimbo zake mbili zinapigwa kwenye matangazo ya biashara za watu na yeye yupo hapa anakunywa chai ya rangi. Akamwelekeza kwa wakala wa muziki, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la rangi za nyumba na ngazi zake zinanuka rangi mpaka mlangoni.

Siku ya kwanza nilimsindikiza, kwa sababu nilijua tu ni matapeli. Hawakuwa matapeli. Yule mama alisikiliza historia yote ya shemeji, akavua miwani, akaifuta.

"Baba, wewe umekuwa ukiuza nyumba kwa bei ya kulala usiku mmoja," akasema. "Wimbo usiuze. Pangisha. Anayeutaka kwenye tangazo, kwenye filamu, kwenye redio, hata mwenye hoteli anayewapigia wageni wakila, achukue leseni na alipe. Wimbo unabaki wako. Muda wake ukiisha na bado anautaka, analipa tena."

"Hata kama nilishamwimbia mtu harusini?"

"Hata kama. Tena una vitu viwili vya kupangisha. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti zake jinsi zinavyopanda na kushuka. Halafu kuna rekodi, ile uliyoifanya wewe mwenyewe chumbani kwako. Mtu anaweza kutaka kimoja, anaweza kutaka vyote."

"Na mtu aliyeitikia humo?" nikadakia.

"Mwitikiaji naye ana haki yake kwenye rekodi."

Nikamgeukia shemeji. "Umesikia? Habari za soda zimekwisha leo."

Tulicheka sana siku ile. Tulishuka ngazi tukicheka, na njiani shemeji alikuwa akipiga vidole kwenye paja lake kama yupo kwenye kinanda. Nyimbo zake zote alikuwa amemwachia yule mama kwenye flashi. Na wa Chiriku ulikuwemo humo. Anasema hakuuweka kwa makusudi na hakuutoa. Ulikuwa pamoja na wenzake.

Haukupita muda mrefu, wakala akapiga simu. Kampuni ya sabuni ilikuwa inatafuta wimbo wa tangazo, imesikiliza kazi zake zote, na imeupenda mmoja: ule wa mwisho, wa mtoto. Utapigwa kwenye televisheni na redio, nchi nzima.

Nilikuwepo alipomweleza dada. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele kwenye sinia. Hakuinua macho.

"Watamtaja?" akauliza.

"Nani?"

"Unajua nani."

Shemeji akachuchumaa mbele ya sinia. "Watamtaja kila siku, mke wangu. Kila nyumba yenye redio. Watoto watamwimba njiani wakienda shule."

"Na hawa wanaoogopa kuniita?"

"Hata hawa. Watamwimba mpaka wachoke."

Dada akaokota punje ya jiwe, akaitazama, akaiweka pembeni. "Basi wape. Pesa mtajua wenyewe. Mimi nataka atajwe."

Pesa walizihitaji, nisidanganye. Paa lilikuwa linavuja mpaka kinanda kilivishwa nailoni kila mawingu yakijikusanya. Lakini dada hakuuliza kiasi siku ile wala siku nyingine yoyote. Alianza kutembea tofauti. Alikuja saluni akataka nimsuke mtindo ambao hakuwa ameusuka tangu msiba, na nilipokuwa namsuka akaniuliza kama nadhani wataimba kwa haraka au polepole, kwa sababu Chiriku, akasema, ukimwimba haraka hapendezi. Mikono yangu ikasimama. Alikuwa amelitamka jina hivihivi, bila wimbo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na hata yeye mwenyewe hakuona.

Siku ya kutia saini sikuwepo. Nasimulia kama alivyonisimulia shemeji, na baadaye wakala, na maneno yao hayapishani.

Wakala alimsomea mkataba wote taratibu, kwa sababu ni mtu mwangalifu. Alipofika kwenye habari ya maneno akaweka kalamu chini. Kampuni ilitaka utunzi peke yake. Rekodi haikuihitaji, itaimbisha upya kwa waimbaji wake. Tena iliomba ruhusa ya kubadilisha maneno. Ukiwaruhusu, malipo yanapanda. Usipowaruhusu, watauimba ulivyo, na malipo yanabaki palepale, hakuna ubaya.

"Kwa hiyo unasemaje, baba? Wabadilishe au wasibadilishe?"

"Bila wasiwasi," shemeji akasema. "Zangu zote zinabadilika."

Wakala akamuuliza tena kama ana uhakika. Shemeji akacheka, akamsimulia kisa cha Nanihii, wakacheka wote wawili, akatia saini.

Baadaye nilimuuliza, kwa ukali wangu wote, alikuwa anawaza nini. Akasema hakuwaza. Ameulizwa swali la kila siku, na mdomo umetoa jibu la kila siku. Kama angewaza, akasema, labda angefikiri wataongeza ubeti wa sabuni mbele au nyuma, kama anavyofanya yeye kwa watu wa maduka. Lakini kwamba mtu atagusa pale juu, hilo halikumpitia kichwani kabisa. Pale hapakuwa pengo la kujazwa. Pale alikuwa anakaa mwanawe.

Tangazo lilipangwa kutoka baada ya taarifa ya habari ya jioni. Televisheni ya saluni yangu ni kubwa kuliko ya kwao, kwa hiyo tukakubaliana tuangalie kwangu. Nilisukuma mashine za kukaushia nywele ukutani, nikaazima mabenchi, nikafagia nywele zote sakafuni. Majirani walijaa mpaka mlangoni. Muuza mkaa alikuja amevaa shati jeupe, jambo ambalo sijawahi kuliona na sitegemei kuliona tena. Dada alikaa mbele kabisa na gauni lake la bluu. Yeye mwenyewe ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaalika, na kila alipofika alisema, "Njooni. Leo mtamsikia."

Habari zikaisha. Kwenye skrini akatokea mtoto wa kike, sare imejaa tope, anacheka, meno ya mbele hana. Kinanda kikaanza, na ulikuwa ni wenyewe, wimbo wetu. Dada akanishika mkono. Waimbaji walikuwa wazuri kuliko sisi, lazima niseme, na waliimba polepole kama alivyotaka.

Vua shati, leta soksi,
madoa yametosha…

Mstari ukapanda, na kule juu kabisa, kwenye noti ndefu, wakaimba jina la sabuni. Silitaji hapa, wameshalitangaza vya kutosha. Ninachoweza kusema ni kwamba lilikaa vizuri. Lilikaa vizuri mno. Hata mtu asiyejua muziki angeona kwamba mahali pale palikuwa pameandaliwa.

Dada alikuwa ameshafungua mdomo. Alitaka kuimba nao. Nilikuwa namtazama yeye, si televisheni, na niliona midomo yake imeshaanza kutengeneza jina, ikabaki hivyohivyo, wazi, mpaka tangazo likaisha.

Watu wakapiga makofi. Wao wangejuaje? Waliokuwa wanajua jina la mtoto walifikiri ndivyo inavyokuwa, wasiojua wakashangilia sabuni. "Fundi, umetoboa!" mtu akapiga kelele, na muuza mkaa akamkumbatia shemeji na shati lake jeupe. Shemeji alikuwa anamtazama mkewe kupitia begani kwa mtu yule, na uso wake sitausahau. Dada akasimama. Akawashukuru watu kwa kuja, mmoja mmoja, kwa adabu, akawashika mikono. Kisha akatoka akaenda nyumbani peke yake bila kumngoja mumewe.

Asubuhi nilikwenda na shemeji kwa wakala. Nilikwenda kupigana. Nilipanda zile ngazi nikiwa nimeshapanga matusi yangu kwa mfuatano. Yule mama alipotuona nyuso akasimama kabla hatujaketi.

"Baba, nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo. Mara mbili," shemeji akasema.

Matusi yangu yote yakabaki hayana mwenyewe. Alipoelezwa jina lile lilikuwa la nani, wakala akakaa chini. Akapiga simu kwenye kampuni palepale mbele yetu, akaomba, akabembeleza. Wa upande ule walikuwa waungwana, walisikitika kweli, lakini tangazo limeshatengenezwa na vituo vimeshalipwa. Leseni ni ya miaka mitatu. Walichoweza kufanya ni kutuma pole, na kweli waliituma: katoni ya sabuni.

"Kwa nini hukuniambia kuwa ni mwanao?" wakala akauliza. "Ningekuandikia sharti, jina lisiguswe. Sharti la mstari mmoja tu. Wangekubali."

"Kila wimbo wangu una jina la mtu," shemeji akasema. "Nilidhani huyu anaonekana kuwa ni wangu."

Wakala alimweleza kwamba rekodi yao ya zamani bado ni yake, hakuna aliyeinunua, na mtu mwingine akiihitaji ataipangisha kwa masharti anayoyataka. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Njiani hakupiga vidole pajani.

Sasa nisiwe mwongo: leseni inalipa. Kila wanapopiga hesabu za vituo, chake kinaingia. Paa ni jipya. Nyimbo zake nyingine nazo zimepata wapangaji, mmoja uko kwenye filamu, mwingine unapigwa kwenye maduka ya nguo, na anaishi sasa kwa jasho ambalo zamani lilikuwa linamnufaisha kila mtu isipokuwa yeye. Ningemshauri mtunzi yeyote afanye hivyo. Mimi mwenyewe, kwa kuwa kampuni haikuchukua rekodi yetu, kwa wimbo ule nilirudi kwenye soda. Lakini ujumbe wa malipo ya sabuni ukiingia kwenye simu yake, shemeji huilaza simu kifudifudi mezani na kutoka nje. Katoni iko chini ya kinanda, haijafunguliwa. Na mteja akija siku hizi, kabla ya kuulizwa tarehe au ukumbi, anaulizwa jina hili ni la nani kwako. Wateja wengine wanaona ni maswali ya ajabu.

Wimbo ulishika. Watoto wakauimba njiani wakienda shule, kama shemeji alivyoahidi. Wakauimba wakiruka kamba, wakauimba kwenye foleni ya bombani, na wafuaji wakauimba kwa sababu unaendana na kufikicha. Dada alikuwa akifunga dirisha, lakini wimbo wa namna hiyo hauzuiwi na dirisha.

Siku moja nilifika nikamkuta akianua nguo. Alikuwa anaimba polepole, kama zamani, na moyo wangu ukafurahi, nikasimama pale mlangoni nimeshika viatu. Fumba macho, funga mdomo. Maneno yalikuwa ya kwetu. Ya leo yametosha, akaimba, mstari ukapanda, na kule juu kabisa likatoka jina la sabuni.

Akanyamaza. Shuka lilikuwa mikononi mwake. Akageuka akaniona.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Umesikia, mdogo wangu." Akakaa chini kwenye lile shuka safi, kwenye vumbi. "Wamenitolea mtoto mdomoni. Nilikuwa naye hapa tu, hapa mdomoni, na wamemtoa."

Nilimshika. Tulilia pale nje mchana kweupe, watu wanapita, na wenye huruma zao wakageuza macho kama kawaida yao. Tangu siku ile hakuimba tena, kwa sababu aliogopa kitakachotoka.

Siku hizi dada huja kukaa saluni kwangu mchana, ananipasia vitana na kuzuia watoto wasiondoke nusu nywele. Juzi nilikuwa namsuka mjukuu wa muuza mkaa, kabinti kadogo kalikohamia mtaani mwaka huu, hakajui habari zetu. Nikimsuka, anaimba. Anaimba tangazo, mwanzo hadi mwisho, kisha anaanza upya. Nilitaka kumwambia anyamaze, nikaona dada amesogeza kiti.

"Hapo siyo hivyo," dada akamwambia.

"Ni hivyohivyo. Kwenye televisheni wanaimba hivyo."

"Mwanzoni kabisa haukuwa hivyo. Mwanzoni walikuwa wanasema…"

Nikaacha kusuka. Dada akashika ukingo wa kiti, akafumba macho, akaimba mstari mzima taratibu. Nilikuwa nahesabu naye kila neno. Ukapanda, na alipofika kule juu sauti ikakwaruza, ikataka kuteleza kule kwingine, akaishikilia. "Chiriku," akaimba. Lilitoka. Miezi yote ile, na lilitoka.

Mtoto akageuza kichwa chote kumtazama, nywele zikanichomoka mkononi, vilevile kama alivyokuwa akifanya yule wa kwetu.

"Chiriku ndiyo sabuni gani?" akauliza.

Mimi nina jibu la kila mtu. Muuza mkaa ananijua, shemeji ananijua, wateja wangu wote wananijua. Hili nilimwachia dada, nikaokota fungu la nywele lililochomoka. Dada alimnyooshea yule mtoto mkono akamweka sawa kola ya gauni.

"Iliisha, mwanangu," akamwambia. "Hawaitengenezi tena."

"Aa," mtoto akasema. Akageuka mbele nimalizie kumsuka, akaendelea kuimba kama anavyoujua yeye.